Niliweka nyumba yangu ya Uvira kwenye karata, nikacheza na mukwe wangu asiyeruhusiwa kunijibu

Wakuu, jambo. Wakubwa wangu wachache waliobaki humu, nawaamkia. Wengine wote ni wajukuu, niamkieni nyinyi.

Mimi ni koko, bibi wa watu. Shule nilifika mwaka wa pili wa primaire, shule ya msingi, kwa Mwalimu Festo, kwa hiyo herufi zikikosa mahali pake mnisamehe. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho haya mawili, moja limefanyiwa operesheni na ndilo linaloona vizuri.

Kwanza niwaambie nani alikuwepo, maana habari ya watu wasio na majina mimi siiamini.

Mimi mwenyewe, Faida, mjane wa Yona. Nyumba yetu iko Kilibula, mtaa wa Uvira, upande wa ziwa.

Riziki, binti yangu wa kwanza. Anakaa Bwegera kwa bwana wake.

Byamungu, ndiye huyo bwana wake. Mukwe wangu. Analima mpunga. Mrefu mpaka akiingia kwangu anaanza kuinama akiwa bado barabarani.

Sifa, binti yao, mjukuu wangu. Anasoma uuguzi Uvira, alikuwa analala kwangu. Karata ni zake.

Amisi, mtoto wa marehemu Ramadhani, mjukuu wa Sefu, watu wa biashara ya ziwa tangu zamani. Anatengeneza telefone. Jumamosi jioni wacheza karata wanakutana kwake, na yeye ndiye arbitre wao, mwamuzi, akisema kitu kimesemwa.

Mama Esta, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Tunaimba naye sauti ya pili kwenye korali.

Na kuku mmoja mweupe. Msimsahau kuku.

Hao ndio wote. Sasa niendelee.

Nyinyi mnaokaa mbali labda hamjui, ziwa letu lilipanda. Siyo siku moja. Lilipanda taratibu, kama mgeni anayesema nakaa kidogo tu. Kwanza lilichukua bustani yangu ya mboga, ya lengalenga. Halafu likachukua choo cha jirani, marehemu Sadiki, likaacha mlango umesimama peke yake. Siku ninayowaelezea lilikuwa kiwanjani. Kutoka mlangoni mpaka barabarani tulikuwa tunatembea juu ya mifuko ya mchanga.

Riziki alitaka nihame niende kwake Bwegera. Alikuja kunisihi mara tatu.

"Weye mama, maji iko mu kiwanja! Unangojea samaki akuje kukuamsha?"

"Ile samaki njo ilikulisha, usiitukane."

"Minye sitanii, mama."

"Na minye sitoke."

Hapo mazungumzo yalikuwa yanaisha, Riziki analia kidogo, tunakula, anarudi.

Mara zote tatu Byamungu alikuja naye. Mara zote tatu alikaa karibu na mlango, anaangalia kofia yake, hasemi neno.

Wakuu, hapa lazima nisimame niwaeleze, maana kisa chote kimeshikwa na kamba hii. Siku hizi wengi wameacha, lakini nyumbani kwetu desturi bado iko: mukwe na mama mukwe hawajibizani. Hatushikani mikono. Hatutazamani usoni. Mimi nikisema kitu, yeye ananyamaza. Akiwa na neno la kuniambia, linapita kwa muntu wa kati. Siyo chuki, ni heshima. Miaka yote aliyomuoa Riziki, sauti ya Byamungu niliijua kupitia ukuta.

Sasa karata.

Majira ya mvua yale sikuweza kwenda popote. Sokoni mbali, korali imesimama, kanisa lenyewe lina maji. Sifa akirudi masomoni anatoa karata zake anazipanga mezani peke yake. Siyo zile karata za wazee za kuchezea pembeni ya soko. Hizi kila moja ina picha yake, mnyama, askari, moto, mvua, na maandishi ya Kifaransa chini. Unakusanya, unabadilishana na wenzako, unatengeneza fungu lako mwenyewe. Mchezo wenyewe wanauita Ngome.

Nikamwambia Sifa anifundishe, maana kumtazama mtu anacheza peke yake kunatia huruma.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuzipa majina. Sifa akakasirika.

"Koko, jina imeandikwa pale juu!"

"Kifaransa sisome. Na huyu samaki mwenye meno anafanana na Mwalimu Festo. Basi ni Festo."

Tembo mwenye kofia ya chuma nikamwita Yona, kwa sababu ni mkubwa, ni mpole, na akishakaa mahali hatoki. Yona nikampenda kuliko wote.

Vifaa vyetu vilikuwa vya jikoni. Kila mchezaji anakuwa na maharagi kumi mbele yake. Hiyo ndiyo ngome yako. Ukipigwa yanapungua, yakiisha umeshindwa. Halafu kuna vifuniko vya chupa, hivyo ndivyo nguvu. Kila zamu yako unaongezewa kimoja. Ukitaka kutoa karata unaangalia namba kwenye pembe yake: kama ni tatu, unageuza vifuniko vitatu vilale chali. Umelipa.

Mpaka hapo rahisi. Kilichonipa shida ni kujibu.

Amisi alikuja siku moja kurekebisha telefone yangu, akanikuta nagombana na Sifa, akakaa kutuamua. Alinieleza hivi:

"Koko, kwanza unalipa. Ukishalipa, unataja karata yako. Ukishataja, unauliza mwenzako: unajibu? Unangojea. Yeye akiwa na jibu, na yeye analipa kwanza, anaiweka juu ya yako. Na weye unaweza kujibu jibu lake. Mukishanyamaza wote, njo vitu vinatendeka, kuanzia ile ya juu."

"Ya juu? Ile ya mwisho inatangulia?"

"Ndiyo, koko."

Nikafikiri. Nikaangalia beseni la vyombo. Sahani uliyoweka mwisho ndiyo unaishika kwanza. Basi, nikaelewa.

Lakini la pili nililipinga. Kuna karata moja ina picha ya kiganja kilichofunguliwa. Tunaiita Hapana. Inalipwa vifuniko viwili, na kazi yake ni kuizima karata ya mwenzako isitende kitu. Sifa alinizimia Festo wangu, nikanyoosha mkono nirudishe vifuniko vyangu.

"Acha, koko," Amisi akasema. "Gharama hairudi."

"Namna gani hairudi? Festo hakufanya kazi!"

"Hakufanya. Lakini weye ulishalipa. Yeye alizima Festo, hakuzima malipo."

Niliona ni wizi, nawaambia ukweli. Nikaenda na hasira hiyo mpaka jikoni. Nilikuwa nageuza bugali ndipo nikamkumbuka Kashindi wa Runingu.

Kashindi, mtoto wa Lazaro, alimtaka Riziki kabla ya Byamungu. Wazee wake walikuja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, ya kufungua kinywa. Maana kwetu hausemi neno zito kwa mikono mitupu. Unatoa kwanza, ndipo kinywa kinafunguka. Yona na kaka zake wakanywa kasiksi yote, wakapangusa midomo, wakasema binti yetu bado mdogo.

Ile kasiksi ilirudi Runingu? Nani angeitapika?

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Amisi, nimekubali. Gharama hairudi."

Tangu siku ile nikawa hatari. Nilimpiga Sifa. Nilimpiga Mama Esta ambaye hata hakujua kwamba tunacheza. Amisi alinipiga mara nyingi, lakini yeye ni arbitre, hahesabiwi.

Basi Riziki akaja mara ya nne.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Alikuja na Byamungu, na mfuko wa mchele, na yule kuku mweupe kafungwa miguu. Byamungu akavuka mifuko ya mchanga, akafika mlangoni, akamweka kuku kwenye kizingiti. Taratibu, kama muntu anayeweka yai. Hakusema kitu. Akaingia akakaa mahali pake karibu na mlango.

Nikamwambia Sifa, "Kuku mzuri. Tutamchemsha na pilipili."

Byamungu akaangalia kofia yake.

Riziki akaanza, na mimi nikaanza, maneno yaleyale, ya samaki na ya sitoke. Amisi alikuwepo, ananiwekea chaji. Mama Esta alikuwepo kwa sababu kwake maji yalikuwa yamefika chini ya kitanda, na kwangu bado pakavu.

Sifa ndiye aliyesema. Alisema kwa kucheka, akimwonyesha baba yake, ila mimi neno nililishika.

"Papa anajua Ngome. Nilimufundisha Bwegera, ananipiga kila likizo. Mucheze basi. Papa akishinda, koko anahama. Koko akishinda, tusimusumbue tena mpaka maji ifike mu kitanda."

Riziki akasema hiyo siyo mambo ya kuchezea. Mimi nikasema, "Nimekubali. Leteni maharagi."

Wakuu, niwaambie kwa nini nilikubali haraka. Aibu naiona, lakini niliahidi ukweli.

Ngome ni mchezo wa kujibu. Na Byamungu haruhusiwi kunijibu.

Nilikuwa nimeshinda kabla ya kukaa.

Tukapanga. Sifa akakaa nyuma yangu anisomee Kifaransa, kwa hiyo yeye ni wa upande wangu. Amisi ni arbitre. Riziki akakataa kuhesabiwa upande wowote, akageuza kiti akaelekea ukutani, ingawa kila mara alikuwa anachungulia.

Nikatoa mnyama wa kwanza, mdogo. Nikalipa kifuniko kimoja. Nikauliza kama sheria inavyotaka, nikiwa naangalia dirisha, "Kuna mutu anajibu?"

Byamungu kimya. Jasho.

"Hakuna. Basi anaingia."

Nikatoa wa pili. "Kuna mutu anajibu?" Kimya. Nikamtoa Festo, akamng'ata maharagi mawili. Kimya! Niliona ana karata mkononi, anataka kuitoa, anashindwa. Nilianza kuimba sauti ya pili.

Amisi akapiga meza. "Hii siyo mchezo! Mutu mumoja amefungwa kinywa!"

"Nani alimufunga?" nikauliza. "Minye sijamugusa."

"Koko, unajua vizuri."

Wakashauriana, wakaamua Byamungu apewe muntu wa kati, kama desturi inavyoruhusu. Nani? Riziki amegeukia ukuta. Sifa ni wangu. Amisi ni arbitre. Akabaki Mama Esta.

Mnamfahamu Mama Esta? Hamumfahamu. Mama Esta akitumwa kuomba chumvi anaanza na salamu za familia yake yote, waliopo na waliokufa.

Byamungu akamnong'oneza sikioni, neno moja tu, nililisikia kabisa: "Najibu."

Mama Esta akasimama. Akatengeneza kitenge. "Mama Faida, jirani yangu, mwenzangu wa korali. Mukwe wako, ambaye anakuheshimu sana, na ambaye mchele wake tumeula mwaka huu na mwaka jana, anakuamkia. Anasema, kama hautakasirika, na kama Mungu akipenda..."

"Ilishapita," nikasema. "Festo amemaliza kung'ata zamani."

"Haijapita!" Amisi akapiga kelele. "Jibu iko njiani!"

"Ikiwa njiani inasaidia nini? Mvua pia iko njiani."

Amisi, maskini, akashika kichwa. Mwisho akatoa hukumu: Mama Esta akishasimama tu, jibu limefika, maneno mengine ni salamu. Mama Esta akanuna, akasema basi yeye ni kengele siyo muntu, lakini akakubali.

Kuanzia hapo nikateseka. Mukwe wangu ni mchezaji, wakuu! Nikitoa, Mama Esta anasimama. Nikilipa vinne kwa ajili ya moto, Mama Esta anasimama, moto unazimwa, vinne vyangu vinabaki chali. Alinipiga kwa nyati wake mpaka maharagi yangu yakabaki matatu. Nilimwangalia yule mtu anayeangalia kofia miaka yote nikajiuliza, kumbe ndani ya kichwa kile kuna watu wangapi?

Lakini na mimi sikulala. Yona aliingia, akakaa mbele yangu, nyati akawa hapiti. Maharagi ya Byamungu yakafika manne.

Na mkononi mwangu nilikuwa na Gharika.

Gharika ni karata yenye picha ya mvua na mto uliovunja kingo. Inang'oa maharagi matano kwa mara moja. Bei yake ni kubwa: vifuniko sita, na lazima umtupe mnyama wako mkubwa kuliko wote. Mimi vifuniko vyangu vilikuwa vinane. Mnyama wangu mkubwa ni Yona.

Ndiyo, naona mnavyocheka huko. Mwanamke anakataa kuhama maji, na anatafuta kushinda kwa mafuriko. Siku ile mimi sikuliona.

Nilichoona ni Mama Esta tu. Nikitoa Gharika, Mama Esta atasimama, Hapana itashuka, na Yona wangu atakuwa amekwenda bure.

Hapo ndipo kuku akakata kamba.

Akaruka mlangoni, akapita chini ya meza, akatoka kwenye mifuko ya mchanga huku anapiga kelele. Mama Esta, ambaye hawezi kuona kuku wa jirani anapotea, akakimbia nyuma yake na kandambili mkononi. Aliacha mlango wazi. Maji kidogo yakaingia kwa kizingiti, ulimi mwembamba, yakaja taratibu mpaka chini ya meza.

Na mimi nikaona: muntu wa kati hayupo.

Nikageuza vifuniko sita, haraka kama muntu anayepepeta mchele. Nikamchukua Yona, nikamlaza kwenye takataka, lile fungu la karata zilizokwisha kazi. Nikasema, "Gharika!" Na bila kupumua, "Kuna mutu anajibu? Hakuna!"

"Ngoja, koko!" Amisi akasema. "Mama Esta hayuko hapa!"

"Sheria inasema asiyejibu amenyamaza. Mwenyewe ulinifundisha."

"Koko, hiyo..."

Hakumaliza. Byamungu alikuwa amesimama.

Alisimama mpaka kichwa kikagusa boriti. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza. Halafu akaniangalia. Mimi. Usoni.

"Mama," akasema. "Najibu."

Riziki aligeuka kutoka ukutani mkono mdomoni. "Weye Byamungu! Unasema na nani?"

"Nasema na mama."

"Mbele ya bantu!"

"Gharama nilishalipa," Byamungu akasema. "Nililipa mbele ya kuingia. Kuku iko pale ku mulango." Akaangalia kizingitini, kuku hayupo. "Ilikuwa pale."

Wakuu, mimi ninayekumbuka jina la kila muntu aliyewahi kupita Kilibula, hilo nilikuwa nimelisahau. Mama yangu, Nabintu, alinieleza nikiwa msichana. Mukwe akiwa na neno ambalo muntu wa kati hawezi kulibeba, analeta kuku mweupe asiye na doa, anamweka kizingitini kwa mama mukwe, bila kusema. Mama mukwe akimpokea, kamba imekatwa. Na mimi nilimpokea! Nilisema tutamchemsha na pilipili!

Mimi ndiye niliyetoka jikoni na mwiko nikatangaza kwamba neno zito linalipiwa kwanza. Na gharama ilikuwa imefungwa miguu mlangoni kwangu mchana kutwa, sikuiona.

Byamungu akageuza vifuniko viwili. Akaiweka Hapana juu ya Gharika yangu. Halafu akaendelea, na hayo hayakuwa ya karata.

"Mama, minye miaka yote niko nakujibu mu roho. Mvua ikianguka Bwegera, Riziki anakaa mulangoni kuangalia upande wa Uvira. Na minye nakaa naye. Nilijenga chumba, mama. Haiko nyuma. Iko mbele, mulango yake inatazama barabara. Ju najua unapenda kuona bantu wanapita, uwaite majina."

Mama Esta aliingia wakati ule, amelowa mpaka magoti, kuku kwapani, akasema, "Nimemukamata! Nani alisema nini?"

Akabaki amesimama pale, maji yanamdondoka.

Amisi alikuwa na sauti ndogo. "Koko. Iko zamu yako. Unajibu?"

Niangalieni sasa nilivyokaa. Mkononi zimebaki karata mbili. Moja ni kamnyama kasiko na maana. Nyingine ni kiganja kilichofunguliwa. Hapana. Sheria nilifundishwa: jibu lake naweza kulijibu. Ile ya juu inatangulia. Hapana yangu ingezima Hapana yake, Gharika ingeshuka, maharagi yake manne yangekwisha, na mimi ningebaki Kilibula mpaka maji yafike kitandani.

Sifa alikuwa nyuma yangu, anaona karata zote. Alinifinya mgongoni, mara moja, kwa nguvu.

Niliangalia maji chini ya meza. Yalikuwa yanazunguka mguu wa kiti cha Yona, Yona wa kweli, kile alichokitengeneza mwenyewe na hakijawahi kutoka mahali pale.

"Sijibu," nikasema.

Nikazichanganya karata zangu na zile za takataka kabla muntu hajauliza. Zamu iliyofuata nyati alikuja, mbele yangu hakuna tembo, akala maharagi matatu. Ikaisha.

Riziki alilia, lakini siyo kilio cha zile mara tatu. Mama Esta aliuliza tena nani alisema nini, Amisi akamweleza kuanzia mwanzo, akakasirika kwamba ameachwa nje ya jambo ambalo yeye ndiye aliyekuwa amelibeba.

Jumatatu nilipanda gari na kiti cha Yona, masufuria, na kuku ndani ya kikapu. Siku chache baadaye Sifa alipiga telefone akaniambia maji yamefika kwenye kitanda changu. Mama Esta naye amehama, yuko kwa dada yake juu kwenye mlima, anaimba peke yake.

Sasa somo nililolipata, maana najua humu mnapenda somo.

Niliona karata ni ujanja wa kumpata mwenzako hana jibu. Siyo hivyo. Muntu anaweza kunyamaza miaka, kumbe anakusanya vifuniko. Na ukimwona amelipa kabla ya kufungua kinywa, msikilize mpaka mwisho, hata kama unayo Hapana.

Somo la pili ni kwamba nilikosea pakubwa kumpokea yule kuku. Tangu kamba ikatwe, Byamungu hanyamazi! Asubuhi naamka, "Mama, ulilala?" Nakula, "Mama, chumvi imetosha?" Anakuja na kiti chake mlangoni kwangu ananieleza habari ya maji ya mpunga, ya panya, ya mpaka wa shamba la jirani, bonde zima mpaka Katogota. Miaka yote ile ya kimya anailipa kwa pamoja. Jana nilimwambia Riziki amrudishe kwenye kofia.

Na hapo ndipo ninapowaombeni msaada, nyinyi mnaojua sheria kunishinda.

Kuku alitoka Bwegera. Alikuja Uvira kama gharama. Mimi nimehamia Bwegera na kuku wangu, sasa analala kwenye banda lilelile alilozaliwa. Riziki anasema gharama imerudi kwa aliyelipa, kwa hiyo bwana wake anatakiwa anyamaze tena au alete kuku wa pili. Byamungu anasema gharama hairudi, kuku ni wa mama, banda tu ndilo lake. Amisi nilimpigia, akasema swali kama hilo hajawahi kuliona, akakata telefone. Na kuku ameanza kutaga, mayai ni ya nani?

Komentini hapo chini. Wanaocheza Ngome waanze, wenye mama mukwe wafuate.

Mama Esta, Amisi, Sifa, najua mtausoma uzi huu. Kama nimekosea mahali nirekebisheni. Labda kandambili ilikuwa ya Riziki, siyo ya Mama Esta. Labda siyo nyati peke yake aliyenifikisha maharagi matatu. Kashindi inawezekana alikuwa mtoto wa Lazaro au wa ndugu yake Lazaro, walifanana sana. Mtu wa Runingu anisaidie.

Byamungu naye atasoma, yuko hapa mlangoni anauliza naandika nini. Atasema hata kama nilikuwa na Hapana nisingeweza kuilipa, kwamba kwenye meza nilibakiwa na kifuniko kimoja tu.

Hapo msinirekebishe. Vilikuwa viwili.